Masumbwe Walisema Lusia Ameuzwa

Sogeeni, ndugu zangu. Mliosimama mlangoni ingieni, nafasi ipo. Jambo hili halisemwi kwa kunong'ona; lilishanong'onwa vya kutosha, na kunong'ona huko ndiko kulikotaka kuua.

Pale Masumbwe, nyumba ya Eufrasia ilikuwa haikauki watu. Jumapili baada ya ibada wanawake walijaa uani, michembe ya viazi na karanga kwenye ungo, vicheko vinasikika mpaka barabarani. Mumewe, Masalu, alikuwa mchimbaji wa miaka kadhaa, na msimu ule duara lake, yaani shimo lake la dhahabu, lilikuwa limetema. Nyumba ikapata bati jipya, Masalu akanunua gari, na kila jirani akanywa soda ya pongezi.

Binti yao Lusia, aliyekuwa akijifunza cherehani, alitoka jikoni na birika la chai. Katikati ya ua akasimama. Mkono wa kushoto ukaanza kucheza wenyewe, birika likadondoka, naye akafuata chini, macho yamegeuka, povu mdomoni. Wengine walikimbia, wengine walipiga kelele. Eufrasia akampakata mwanawe mpaka mtikisiko ukaisha.

Chai iliyomwagika haijakauka, Apolonia, jirani wa nyumba ya pili, akamvuta Eufrasia pembeni.

"Mwenzangu, mimi sisemi kitu. Ila duara limetema lini? Na mtoto kaanguka lini?"

"Unataka kusema nini?"

"Mie? Mie niseme nini tena! Nakumbusha tu, Mama Lusia. Ndagu ina masharti yake."

Kwa asiyejua, ndagu ni dawa ya utajiri ambayo watu husema hulipwa kwa uhai wa ndugu wa damu. Neno hilo likishatupwa uani kwako, hata sukari ya mumeo unaiogopa. Jioni ile, kijiweni, wanaume walishaongeza chumvi: eti Masalu aliambiwa achague, atoe ng'ombe wote au kichwa cha binti, na Msukuma gani atatoa ng'ombe? Wakacheka. Kicheko hicho kilimfikia Eufrasia.

Masalu, asiyejua lolote, aliingia na funguo za gari. "Mama Lusia, mfunge kitenge twende hospitali. Kichwa kimemtesa huyu mtoto miaka yote, na sasa kuanguka? Hapana."

Eufrasia akamtazama kama mgeni. Hospitali kweli? Au porini? Akasema mtoto amelala, waende kesho. Kesho yake Masalu alipotangulia machimboni kuwaaga wenzake, mama akapanda basi na binti yake kuelekea upande wa Kahama, kijijini kwao, kwa mganga aitwaye Ngassa, ili avunje mkataba wa baba.

Ngassa alimchanja Lusia utosini, akapaka dawa nyeusi, akaamuru mtoto asisikie kabisa sauti ya baba yake. Simu ya Masalu ikalia weee, Eufrasia akaitazama tu. Siku zikapita. Lusia akalalamika kwamba kichwa kinagonga, na sikioni kuna ule mvumo wake wa tangu utotoni, vuu, vuu, unaokwenda na mapigo ya moyo.

"Mzimu unaaga huo," Ngassa akasema.

Jamani, ungekuwa wewe ungefanyaje? Usijibu haraka. Mama huyu alimpenda mtoto wake, na kwa mapenzi hayo hayo alikuwa anamuua.

Asubuhi moja Lusia alikuwa anakunywa uji. Akaachia kikombe, akashika kichwa, akamwita mama yake kwa Kisukuma. "Mayu! Kichwa! Kimepasuka!" Akatapika. Shingo ikakakamaa, mkono wa kushoto ukaning'inia kama si wake.

"Anatoka huyo! Msimguse!" Ngassa akapaza sauti.

"Babu, mbona mdomo umepinda?" Eufrasia akauliza.

"Nimesema anatoka!"

Lusia akafumbua jicho moja. "Mayu... muite baba."

Kwa Eufrasia, kumwita Masalu ilikuwa sawa na kumwita fisi aje kulinda mbuzi. Lakini gari kijijini hakuna, na pikipiki haiwezi kumbeba mtu aliyelegea vile. Akamtazama mwanawe. Akamtazama Ngassa, anayetafuta wembe mwingine. Akapiga simu.

"Mko wapi?" Masalu hakuuliza jingine.

Alifika na vumbi lake, hakugomba. Alimlaza binti kiti cha nyuma, kichwa mapajani kwa mama, wakaondoka. Eufrasia hakuitazama barabara. Aliitazama mikono ya mumewe. Gari likipunguza mwendo, anamkumbatia mwanawe: anasimama hapa, penye pori? Na kweli, mahali fulani alisimama, maana Lusia alianza tena kutikisika. Masalu akageuka, akanyoosha mkono amshike kichwa.

"Usimguse!"

Mkono ukabaki hewani. Masalu akamtazama mkewe, na hapo ndipo alipojua kwamba yale maneno ya kijiweni, ambayo naye alishayasikia, mkewe ameyaamini. Akaurudisha mkono kwenye usukani, akakanyaga mafuta.

Hospitali ya kwanza iliwapa huduma na gari la wagonjwa mpaka Mwanza, kwenye mashine ya kupiga picha ya ubongo. Daktari Bhoke, mama wa makamo, akawakalisha wote wawili.

"Maumivu ya kichwa yalianza lini?"

"Tangu yuko darasa la nne," Eufrasia akajibu.

"Na mvumo sikioni?"

"Wakati huo huo. Tulikuwa tunampa panadol..." Akahesabu miaka. Darasa la nne! Wakati huo Masalu alikuwa akichunga ng'ombe wa watu, dhahabu hajaigusa hata kwa ncha ya kidole.

Daktari akaendelea. "Moyo unasukuma damu kwa nguvu kwenye mishipa minene. Kisha damu hupita kwenye vishipa vyembamba kuliko nywele, kasi inapungua, ndipo inarudi. Kwa Lusia, mahali pamoja kwenye ubongo vishipa hivyo havipo. Baba, wewe mchimbaji. Chukua bomba la kompresa, ile mashine yenu ya kusukuma upepo, liunganishe moja kwa moja na mrija wa soda."

"Mrija utapasuka," Masalu akasema.

"Basi umepasuka. Na ule mvumo ulikuwa damu inayokimbia."

"Nani kamfanyia?" Eufrasia aliuliza kwa sauti ndogo.

"Hakuna, mama. Mara nyingi mishipa huumbika hivyo mtoto akiwa bado tumboni, na kwa nini, hata sisi hatujui vizuri. Wapo tunaowafuatilia tu kwa vipimo na dawa za kuzuia degedege. Wapo wanaotibiwa kwa mionzi. Lusia ameshavuja damu kwenye ubongo, huyu hatumngojei."

Akapelekwa Dar es Salaam. Kule waliingiza mpira mwembamba kupitia mshipa wa paja mpaka kwenye ubongo, wakaziba mishipa ile mibovu kwa gundi maalumu, kisha wakafungua fuvu na kuliondoa fundo lote la mishipa hiyo. Alitoka hai. Mkono wa kushoto haujapata nguvu. Cherehani anaendesha kwa shida, na maneno humjia polepole.

Siku Lusia alipoomba uji kwa mdomo wake mwenyewe, wazazi walikuwa wamekaa kwenye benchi nje ya wodi. Masalu akasema, bila hasira, "Mama Lusia, majirani kuniita mchawi, sawa, hawanijui. Na wewe?"

Eufrasia akainuka, akaenda kumletea mtoto uji. Wamerudi Masumbwe, wanakula sahani moja, wanamfanyisha mtoto mazoezi ya mkono pamoja. Na swali lile bado liko pale pale.

FUNZO

Ndugu zangu, mimi napenda mazungumzo na nyumba yenye watu kuliko yeyote kati yenu, lakini kuna neno likitoka mdomoni linakwenda kukaa kati ya mgonjwa na daktari. Mtu akianguka na kutikisika, akipatwa ghafla na maumivu ya kichwa asiyowahi kuyaona, mdomo ukipinda, mkono ukifa ganzi, mkimbize hospitali kwanza. Na kichwa kinachouma miaka na miaka, chenye mvumo sikioni, kisitulizwe kwa panadol za dukani, kipimwe. Kuzaliwa na mishipa mibovu si laana wala si deni la dhahabu ya mtu. Apolonia alisema hasemi kitu. Kitu hicho asichokisema kilimchukua Lusia mkono.