Mkono wa Kifuani

Magharibi ile ukungu uliishika London, moshi wa makaa ukikaba koo. Keziah, mchonga vibao vya mti vya kuchapia picha za magazeti, alikwenda kuchukua kibao kwa Bwana Penhallow, mchoraji aliyefiwa na mke.

Picha ilikuwa imechorwa juu ya kibao hicho: mama ameinamia kitanda cha mtoto, mkono kifuani. Wasomaji walizijua ishara hizo. Mkono kifuani, upendo. Ua lililovunjika miguuni, msiba.

"Chonga kama ilivyo," Penhallow alinong'ona. "Mkono usiuguse."

Nyumbani kwa Keziah, mdogo wake Lettice alimfungulia, akapanda juu kumlaza mwanawe. Keziah akawasha taa, akachonga. Kru... kru... Alipomaliza akapaka wino, akabandika karatasi, akaisugua.

Akaibandua.

Mkono haukuwa kifuani. Ulikuwa umemfunika mtoto uso.

Akakipapasa kibao. Pale alipokwisha kuchimba, mti ulikuwa umeota upya. Una unyevu. Unanuka udongo.

Lettice akashuka, mikono mitupu.

"Mtoto yuko wapi?"

"Kalala. Nimemwacha na mgeni wako."

"Mgeni gani?"

"Dada, acha utani! Si yule mama uliyeingia naye? Hata salamu hajui, kapita moja kwa moja juu."

Keziah alikuwa ameingia peke yake.

Juu, ubao wa sakafu ulilia.

Kisha kimya.

Lettice akakimbilia ngazi. Mlango haukufunguka. "Barnaby! Mwanangu!"

Keziah akakitazama kibao. Vidole vya yule mama vilikuwa vinazidi kukaza. Akashika chombo chake cha ncha kali, akauchimba mkono ule, akauchimba mpaka damu ya kidole chake ikachanganyika na wino.

Juu, mtoto akapiga yowe.

Mlango ukaachia. Barnaby alikuwa mzima, midomo imemgeuka buluu, na chumbani hapakuwa na mtu.

Asubuhi Keziah alikitupa kibao mezani kwa Penhallow.

"Ni nani huyu?"

Mzee alikwepa macho yake. "Mke wangu. Mtoto wetu alifia mikononi mwake. Wakasema usingizi ulimzidi, akamlalia. Nikamchora na mkono kifuani, watu wamwone anampenda."

"Mimi nimemkata mkono huo."

"Upi?"

"Wa kulia."

Penhallow akaketi taratibu, uso umempauka.

"Rudi nyumbani, binti. Kimbia. Wa kushoto umeuacha. Mke wangu alikuwa wa mashoto."