“Yes” ya Stany

Mume wangu Stany anajua Kiingereza. Kiingereza chake ni neno moja tu: yes.

Anafanya kazi katika gereji ya malori ya mgodi, hapa Kolwezi. Shefu wake ametoka Zambia, naye huwasemesha mafundi kwa Kiingereza. Kila asubuhi Stany hunywa chai, huvaa buti, hupanda taxi-moto, halafu huenda kusema yes mpaka jioni. Mimi nauza unga katika soko la Manika. Mteja akisema neno nisilolielewa, namuuliza. Kuuliza si ujinga. Lakini kwa Stany, kuuliza ni kuzito kuliko gurudumu la lori.

Siku moja alirudi mapema, kichwa chini.

“Kuko nini?” nikamuuliza.

“Lori ilitembea yenyewe. Ilivunja ukuta ya garaji.”

“Aba! Ju ya nini?”

“Shefu aliniuliza kama niliweka kabari chini ya magurudumu. Nilisema yes.”

“Na ulikuwa umeweka?”

“Hapana.”

“Sasa yes ilikuwa ya nini?”

“Sikusikia ile Kiingereza alisema, Honorine. Lakini yeye njo shefu. Utamunyamazia shefu?”

Shefu alikuwa amemwonya: kosa lingine kama hilo, hana kazi. Nilitaka kulia, hasira ikanishinda. Tuna watoto wanne, na unga wangu peke yake hauwezi kuwalisha na kuwasomesha. Nikamshika mkono, nikampeleka kwa jirani yetu, Mama Huguette. Mama huyo aliishi Kitwe, kule Zambia, miaka mingi. Sasa anafundisha Kiingereza parokiani.

Mama Huguette alitusikiliza. Kisha akamwambia Stany maneno ya Kiingereza, taratibu, kwa sauti ya upole.

“Yes,” akajibu Stany kwa heshima kabisa.

“Tata Stany, nilikuuliza kama weye uko mbuzi.”

Nilicheka mpaka kitambaa kikanidondoka kichwani. Stany hakucheka.

“Sikia, tata,” akasema Mama Huguette. “Yes iko neno kidogo, lakini kazi yake ni mingi. Mutu anaisema ju ya kuonyesha anakusikia. Anaisema ju amekubali. Anaisema ju kazi imekwisha. Weye unaisema ju ya heshima tu. Shefu, yeye anasikia: kazi imekwisha. Na akikuuliza, ‘Haujaweka?’, siye tunajibu ndiyo, ni kusema sijaweka. Kwa Kiingereza, ukisema yes pale, umesema umeweka.”

“Mungu wangu,” akanong’ona Stany. “Sasa mi nifanye nini?”

“Kama ulisikia, usijibu yes tupu. Taja kazi yenyewe: nimeweka kabari, ao sijaweka. Kama haukusikia, sema: say again. Ni kusema, rudia. Ukikosa tena, muombe akuonyeshe kwa mukono.”

“Benzangu batanicheka, mama.”

“Wacha bacheke!” nikapaza sauti. “Kucheka kunavunja mufupa? Lori njo inavunja!”

Tukafanya mazoezi kila jioni. Mama Huguette aliamuru, Stany akarudia maneno. Akisahau na kusema yes tupu, mimi nilipiga sufuria kwa mwiko. Majirani walidhani tunagombana. Kweli tulikuwa tunagombana.

Ijumaa iliyopita, Stany alikuwa ameketi kwenye usukani wa lori moja, mkono kwenye ufunguo. Shefu akaita kwa sauti kutoka mbali. Ile yes ilikuwa tayari mdomoni. Stany akaimeza.

“Say again!” akaita.

Wenzake wakacheka. Mmoja akamwiga kwa sauti ya mtoto. Stany aliona aibu sana, aliniambia mwenyewe, lakini akauliza tena. Ndipo shefu akakimbia mpaka kwenye lori. Akanyoosha kidole chini, kisha akapunga mikono yote miwili: usiwashe!

Stany akaondoa mkono kwenye ufunguo. Kicheko kikakatika.

Chini ya lori alikuwa fundi mwenzao, Elisée, amelala chali akikaza boliti. Kelele za mashine zilimziba masikio, hakuwa amesikia lolote. Alitoka polepole, akajipangusa mafuta mikononi, akauliza kwa nini watu wote wamenyamaza.