Maji Aliyokunywa Meya

Nitegulieni hiki kwanza, wanangu: nilikunywa kwako kikombe kimoja tu, kisha nikatoka nikawaambia watu wote kwamba wewe huna kiu. Mimi ni nani? Msijibu haraka. Kishikeni kitendawili changu, twende na Rotia kisimani.

Kila asubuhi kabla ya shule, Rotia alichota maji kwenye kisima kilicho nyuma ya nyumba ya babu yake, Tekiree. Mwaka ule mvua ilikatika mapema katika kisiwa chetu hapa Kiribati, na bahari ikaanza kuingia visimani chini kwa chini. Sabuni haikutoa povu. Chai ilikuwa na ladha ya mchuzi. Hata madafu yalipungua, yakawa madogo kama ngumi ya mtoto.

"Kwetu siku hizi hatununui chumvi," alitania rafiki yake Bwere, wakiwa wamebeba ndoo. "Tunachemsha maji tu, tunapata chumvi na kikohozi!"

Rotia alicheka, lakini moyoni hakuwa na raha. Mdogo wake, Tamuera, alikuwa na umri wa miaka miwili, na maji ya kisima yalimharisha. Muuguzi wa zahanati alikuwa amewaonya: mtoto huyu anywe maji ya mvua tu. Tangi kubwa la shule, ambalo kijiji kizima kililitegemea, lilipasuka chini, na mvua ya mwisho ilipotea yote mchangani. Kwa hiyo nyumbani yalibaki maji ya mvua ya chupa moja. Bibi yake, Taake, aliificha chupa hiyo chini ya mkeka, na kila jioni alimpa Tamuera vijiko vichache.

Siku moja meya wa halmashauri ya kisiwa, Bwana Bauro, alifika kijijini na madiwani wawili. Walikuwa wakipita kuona ni kijiji gani kinahitaji tangi jipya.

"Karibuni, karibuni! Kaeni hapa penye upepo," alisema Bibi Taake walipofika nyumbani kwake, akiwatandikia mkeka mpya. Kisha akamnong'oneza Rotia, "Lete ile chupa."

"Bibi! Ya Tamuera?"

"Unataka nimpe mgeni maji ya chumvi? Watu watasemaje? Lete, mjukuu wangu."

Rotia aliimimina chupa yote katika vikombe vitatu. Meya alikunywa, akajipangusa mdomo, akamtazama.

"Matamu haya! Binti, haya ndiyo mnayokunywa kila siku?"

Rotia aliangalia miguu yake. Bibi alicheka kwa aibu, akasogeza sahani ya samaki. "Kuleni, kuleni, msiache." Swali likabaki hapo hapo mkekani.

Usiku ule Tamuera alilia kiu, na hapakuwa na kingine cha kumpa ila maji ya kisima. Kulipokucha alikuwa amelegea kama nguo mbichi, macho yameingia ndani. Muuguzi alitoa dawa ya unga. "Changanyeni na maji safi," alisema, ingawa alijua kwao hayapo. Mama yake Bwere ndiye aliyewakatia nusu ya maji ya mvua aliyobakiwa nayo. Mtoto alipata nafuu kidogo, lakini kila alipojikunja Rotia alishtuka. Hayo maji ya kuombaomba yataisha lini? Na yakiisha?

Baada ya majuma machache, halmashauri iliwaita watu kwenye maneaba, jumba letu la mikutano lisilo na kuta. Kila ukoo ulikaa mahali pake pa tangu zamani. Babu Tekiree alikaa mbele ya nguzo ya ukoo wake, na Rotia akajikunyata nyuma ya mgongo wake. Mtoto hasemi ndani ya maneaba, na hilo kila mtoto analijua.

Bwana Bauro alisimama. "Ndugu zangu, fedha ya tangi tumeamua kuihamisha. Tutaezeka upya nyumba ya wageni ya halmashauri, maana inavuja."

Minong'ono ilipita kwenye mikeka. Nyuma mtu alisema, "Bora wao wana mvua ya kuvujia!" Watu walicheka chini chini.

"Sisi hatukukaa ofisini," meya aliendelea. "Tulikuja, tukaingia majumbani mwenu, tukanywa. Katika kila nyumba maji yalikuwa matamu. Kuna anayepinga?"

Hakuna aliyepinga. Wazee walitazama magoti yao. Rotia alishangaa. Katika kila nyumba? Mara akaelewa. Kumbe kila nyumba ilikuwa na chupa yake chini ya mkeka! Sasa nani angesimama aseme kwamba maji aliyompa mgeni si yale anayokunywa mwenyewe?

Rotia naye aliogopa. Akisema, bibi yake ataaibika mbele ya kijiji. Asiposema, ile fedha inakwenda, na Tamuera amelala nyumbani na midomo mikavu. Alisogeza mdomo kwenye sikio la babu yake.

"Babu, yale maji aliyokunywa yalikuwa ya Tamuera. Aliniuliza kama ndiyo tunayokunywa kila siku. Sikumjibu."

Mgongo wa babu haukutikisika. Rotia alidhani amekasirika. Kisha akasikia sauti yake, nzito, kila mtu akiisikia:

"Rotia. Nenda kisimani. Mletee Bwana Meya maji."

Bibi Taake alishika mdomo. Rotia alikimbia, akarudi na kikombe, akapita mbele ya wazee akiwa ameinama. Meya alipokea na kunywa funda kubwa. Macho yalimtoka. Akameza kwa shida.

"Ongeza, Bwana Meya, ya bure hayo!" ilisema ile sauti ya nyuma, na safari hii maneaba nzima ikacheka.

"Hayo ndiyo yetu," alisema Babu Tekiree. "Yale ya kwanza yalikuwa ya mjukuu wangu mgonjwa."

"Na ya kwangu yalikuwa ya mama mkwe," alisema mama yake Bwere kutoka mahali pa ukoo wake. Mwingine akafuata, na mwingine, mpaka meya akainua mkono.

"Mbona hamkuniambia?"

"Ulikuwa mgeni."

"Mgeni! Mimi nimezaliwa kijiji cha pili tu, na Taake amewahi kunichapa kwa kuiba tunda la mshelisheli wake!" Alikitazama kikombe, hakucheka. "Nyumba ya wageni itasubiri. Tutaweka ndoo panapovuja."

Madiwani walikubaliana naye palepale, na tangi likaja na meli iliyofuata. Watu wa kijiji walilijengea msingi wenyewe. Mvua ilipokuja, Tamuera alikunywa mpaka tumbo likawa ngoma.

Bibi Taake alimwita Rotia siku hiyo, wakakaa wakiusikiliza mfereji ukijaza tangi.

"Nilikukasirikia siku ile," alisema. "Kisha nikatambua, kumbe nilimpa mgeni maji nikamnyima ukweli. Anayeamua juu yetu hawezi kujua tusichomwambia. Ukarimu uwepo, mjukuu wangu, lakini ukiulizwa jambo, jibu kama lilivyo."

Wanangu, sasa mmekwisha kumjua aliyekunywa kikombe kimoja akasema huna kiu.

Naye alirudi kulitazama tangi. Alikaa kwenye mkeka ule ule, na Rotia akamletea kikombe. Alikinusa kwanza, watu wakacheka. Akanywa, akanywa tena, akamtazama.

"Binti, haya ndiyo mnayokunywa kila siku?"

Rotia hakuangalia miguu yake.

"Ndiyo, Bwana Meya," alijibu. "Haya haya."