Mguu wa Raudha

Mwanahalima alikuwa anamenya mihogo uani kwake, kijijini Vihingo. Jua lilishachomoza. Binti yake Raudha, mwenye miaka kumi na tano, alikuwa bado kitandani.

"Mama, mguu unawaka moto!"

Miezi minane ilikuwa imepita tangu Raudha aanguke na baiskeli, akavunjika mguu. Hospitali walimpiga picha mara mbili. Mfupa ulikuwa umeunga vizuri. Lakini mtoto analia, halali, na shule haendi.

"Anadeka huyo," alisema Kitwana, baba yake. "Mfupa umepona. Maumivu yatoke wapi?"

Mwanahalima aliendelea kumenya mihogo. Juzi tu yeye mwenyewe alimwita Raudha mvivu mbele ya wenzake. Hata hivyo, wasiwasi haukumtoka. Je, kama kuna ugonjwa ambao madaktari hawajauona?

Daktari aliwaandikia barua, wakaenda Kibaha. Huko watafiti walikuwa wanachunguza jinsi ubongo wa vijana unavyopokea maumivu. Muuguzi aitwaye Efrazia aliwakaribisha.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Efrazia akawaonyesha kofia yenye nyaya nyingi. Mwanahalima akamshika binti yake mkono kwa nguvu.

"Mtampiga umeme?"

"Hapana, mama. Kofia inasikiliza tu ubongo unavyofanya kazi. Wala hamlazimishwi. Hata ukishatia saini, Raudha akisema basi, tunaacha. Matibabu yake yataendelea kama kawaida."

"Mnataka kujua kama anadanganya?"

"Hatupimi uongo hapa. Maumivu yake ni ya kweli. Ubongo hutuletea maumivu kama king'ora cha hatari. Wakati mwingine mfupa unapona, king'ora kinaendelea kulia. Hofu, kukosa usingizi na kukaa ndani vinaweza kukiongeza. Ubongo wa kijana bado unajengeka, kwa hiyo unaweza kujifunza kutulia. Tunataka kuelewa vizuri zaidi jinsi unavyojifunza."

Raudha alimgeukia mama yake. "Umesikia? Sikuwa naigiza."

Mwanahalima aliona aibu, machozi yakamlenga. "Nisamehe, mwanangu."

"Nivalisheni kofia," Raudha akasema, na mama yake akatia saini.

Kipimo kilichukua nusu saa. Mwanahalima hakuondoa macho kwake hata mara moja. Raudha alitoka salama.

Kisha mtaalamu wa mazoezi aliwapangia la kufanya. Raudha atembee kidogo kila siku, alale saa ileile, avute pumzi taratibu maumivu yakipanda, arudi shule kidogo kidogo. Akiona uvimbe au homa, arudishwe hospitali haraka.

Wiki ya kwanza ilikuwa ngumu. Raudha alilia njiani. Mwanahalima alitamani kumrudisha kitandani, akiogopa kumuumiza. Kitwana, aliyekwisha kuelezwa yote ya Kibaha, ndiye aliyemwambia binti yake, "Twende mpaka kisimani tu, mama. Nipo nawe."

Baada ya miezi miwili Raudha alikuwa anakwenda shule siku zote tano. Maumivu hayakuisha yote. Asubuhi moja alisimama mlangoni na sare yake, uso umekunjamana.

"Mama, leo unauma."

"Najua unauma," Mwanahalima alisema, akachukua begi la daftari. "Tukae kidogo, halafu nikusindikize."

Wakakaa. Kisha Raudha akainuka wa kwanza.