Miguu Inayokata Kushoto

Gari la zahanati liliteleza kwenye tope, likapinduka na kulala ubavu korongoni. Nesi alitokea dirishani na mikwaruzo tu. Wifi yake, mpishi wa zahanati hiyohiyo, alimfuata akitukana, kiatu kimoja mkononi. Dereva hakutoka. Alikuwa mume wa mmoja na kaka wa mwingine, na mguu wake ulikuwa umebanwa mpaka gotini.

Jeki ilikuwa imepinda. Nesi alilifunga jeraha kwa nguvu zake zote. Damu ilipungua, haikukatika.

"Barabara imemezwa na maji," alisema dereva, midomo imemkauka. "Kambi ya wapasua mbao iko ng'ambo ya msitu huu. Nyoosheni tu. Msikawie, mama watoto."

Walimwachia chupa ya maji, wakaingia msituni. Mawingu yalilificha jua, na miti yote ilikuwa na sura moja. Nesi aliongoza. Penye gogo alichagua pa kupita, penye kichaka alichagua tena, bila kusita. Baada ya mwendo mrefu aliona kitu cheupe kati ya majani. Alipiga yowe la furaha, akakimbia.

Lilikuwa gari lao.

"Mmewapata?" aliuliza dereva.

Nesi aliingia kupitia dirishani. Alikaza bandeji, iliyokuwa imelowa, wakaondoka upya. Safari hii alikwenda kwa uangalifu mkubwa, hadi alipokuta, hatua chache kutoka korongoni, alama ya kiatu chake mwenyewe imejaa maji.

"Wifi, miguu yako inakata kushoto," alisema mpishi.

"Nimenyoosha! Najua ninakokwenda!"

"Unajua. Hata mara ya kwanza ulijua."

Nesi alikaa chini. Siku alipoposwa, baba yake alikataa, naye Nesi akasema mbele ya ukoo mzima: nimeamua mwenyewe. Maneno hayo aliyaringia miaka yote. Sasa miguu ilikuwa inamgeuza bila kumwuliza, naye anaapa kwamba ni yeye anayechagua. Basi ni lipi aliloamua maishani? Swali hilo lilimwogopesha kuliko msitu.

"Utawaza baadaye," mpishi alimwinua. "Kaka yangu anakauka kule. Mimi nasimama kwenye mti huu, wewe tangulia. Nikisema kulia, nenda kulia."

Wakaanza hivyo. Nesi alitangulia, wifi akimwelekeza kwa sauti nyuma yake, kisha akimfikia na kufunga kipande cha bandeji shinani, ili vipande vya nyuma viwaonyeshe mstari ulionyooka.

"Kulia! Kulia tena, we mwanamke!"

Kila mara Nesi alihisi anapotoshwa. Mwili wote ulimwambia wifi anawapeleka kwenye kifo. Alilia kwa hasira, akatii. Bandeji zilipokwisha walichana kanga. Ndipo msumeno ukasikika mbele, na baada yake sauti za watu.

Wapasua mbao walisikiliza, wakabeba jeki mbili na nguzo. Msimamizi wao aliitazama miguu ya Nesi iliyovimba na kuchubuka.

"Baki hapa, dada. Vitambaa vitatuonyesha njia."

Alisema kweli. Hakuna aliyemhitaji huko. Nesi alitafuta moyoni pale mtu anaposimama na kupima, aende au abaki, akapakosa. Alikuwa ameshainuka kwenda. Hofu yake juu ya mumewe ilikuwa palepale, lakini kwa hili la kutochagua hakuogopa.

"Nani kakulazimisha?" aliuliza mpishi, naye akiinuka.

"Hakuna."

Walifika korongoni kukiwa kimya. Nesi aliita. Aliita tena, sauti ikimkatika, akateremka kwa makalio kwenye tope na kuingiza mkono dirishani. Vidole baridi vilimshika, kwa nguvu kidogo sana.

"Umerudi," alinong'ona dereva.

"Ningekwenda wapi?" alisema Nesi, na hakuuachia ule mkono hata gari lilipoanza kuinuka.