Mlango wa Walalamikaji

Dakta Machano alikutwa kifudifudi ofisini kwake, kisogo kimepasuka, jiwe la kuzuilia karatasi limetupwa chini ya kiti. Pigo moja tu, alisema daktari wa polisi. Wote walidai mzee wa watu hakuwa na adui. Inspekta Rhoda hakuamini. Asiye na adui hafi hivyo.

Marehemu alikuwa msuluhishi wa malalamiko wa chuo. Mwanafunzi akionewa, humwendea yeye. Hakuwa na mamlaka ya kumwamuru mtu. Alisikiliza pande zote mbili na kushauri, na siri ya upande mmoja hakuipeleka upande wa pili.

Rhoda alilelewa Morogoro, wazazi wake wa Afrika Kusini wakiwa uhamishoni, ndiyo maana hapa Durban kesi zote za Kiswahili zilimwangukia yeye.

"Nani alipita kwako asubuhi?" alimuuliza Blandina, katibu muhtasi wa marehemu.

"Hakuna, afande. Wanaoitwa kujibu ndio hupita kwangu. Walalamikaji huingilia mlango wa uani, wasionekane."

Mlango wa uani ulikutwa wazi. Basi muuaji alikuwa mlalamikaji.

"Nani aliitwa mara ya mwisho?"

"Profesa Respicius. Jana."

Profesa hakuficha kitu. "Aliniita kuhusu tasnifu niliyoifelisha. Jina hakutaja."

"Mkaafikiana?"

"Alinilainisha kwa chai na utani, Wazanzibari unawajua. Nikamwahidi nitafikiri. Leo nilikuwa nampelekea jibu: isahihishwe upya na mtu mwingine."

"Umefelisha ngapi?"

Profesa akainamisha kichwa. "Moja. Ya Achille, yule Mkongo."

Achille alipanga chumba mtaa wa Umbilo. Alifungua mlango macho yamemwiva.

"Jana au leo ulikwenda kwa Dakta Machano?"

"Non, Mama. Tangu wiki iliyopita sijafika."

"Alikuwa anakutetea."

"Kunitetea?" Achille akacheka kwa uchungu. "Na ule profesa, banakunywa chai, banacheka?"

Rhoda alimtazama. Kikao kile kilikuwa cha faragha, na ofisi ile ilikuwa na kioo kimoja tu cha kuchungulia, cha mlango wa uani.

"Uliwaona ukiwa wapi, Achille?"

Akaketi kitandani. Maneno yakamtoka yenyewe.

"Nilimwambia yote, Mama. Nikifeli, chuo inanifukuza, kibali inakwisha, batanirudisha Bukavu. Kule vita iko. Baba yangu balimuua mbele yangu. Jana nikaona amenunuliwa. Leo nikamuuliza, mulisema nini na yeye? Akasema nivumilie, maneno ya mtu mwingine hawezi kutoa. Kwangu alinyamaza, kwake alicheka. Nikachukua jiwe."

Hasira hasara. Rhoda alimwonea huruma, akajichukia kwa huruma hiyo, maana mjane wa Machano alikuwa bado analia kituoni.

"Kwa chai ile alikuwa anakuombea," alisema. "Profesa amekubali. Tasnifu yako itasahihishwa upya na mtu mwingine."

Achille akanyoosha mikono ifungwe pingu.

"Huyo mtu mwingine," aliuliza taratibu, "bado ataisoma?"

Rhoda akamfunga pingu.