Kipuri Kilichotafunwa

Haya yalimpata rafiki yangu, mke wa mzamiaji, mwanamke asiyeshtuka hovyo. Alikuwa akimfungashia mumewe vipuri vya kuzamia: pete za mpira, mikanda, grisi. Kilibaki kile kipande cha kung'ata mdomoni ili mtu apate hewa. Cha zamani kilikuwa kimechanika, na ukizama na kilichochanika utakunywa maji badala ya hewa.

Stoo yao haina dirisha. Akipapasa rafu gizani, alisikia sauti ya kunyonya. Sisi tulionyonyesha tunaijua. Ilikoma aliposhika pakiti, mpya, haijafunguliwa bado.

Akaichana mlangoni. Mpira ulikuwa na joto, umejaa alama za meno, na ute mzito ukamtiririka hadi kiwikoni, ukinuka kama mdomo wa mtu aliyetoka kuamka.

"Baba watoto, hiki kimeshatafunwa. Nakitupa."

"Halafu nizame na nini, ulimi wako? Lete hapa."

Akakifutia kwenye shati, akakitia mdomoni. Rafiki yangu akasogea kumtazama mdomoni. Meno ya mumewe yaliingia kwenye alama zile moja moja, na pale alipong'olewa jino juzi, mpira ulikuwa laini, haujaguswa.